Uzoefu wangu: GF 100-200mm au GF 250mm kwa mandhari ya mbali

Hukumu yangu naitanguliza. Kama unapiga mandhari kwa kamera ya midiamu fomati ya Fujifilm na una pesa ya lenzi moja tu ya mbali, chukua GF 100-200mm f/5.6, lenzi ya zumu, yaani inayovuta karibu au mbali. GF 250mm f/4, isiyo na zumu, ni lenzi bora kwa ubora wa kioo, hilo silipingi. Ila nikiziweka zote mbili kwenye kamera ya GFX 100S kwa kazi ya milima na nyanda, ile ya zumu ndiyo inayorudi na picha nyingi zinazofaa kuchapishwa.

Tuanze na vipimo. Sensa ya kamera hizi ni milimita 43.8 kwa 32.9, kubwa kuliko ya fremu kamili (36 kwa 24), kwa hiyo urefu wa fokasi (zile milimita za lenzi) unauzidisha kwa 0.79 ili upate ulinganisho. Lenzi ya 250 inaona kama 198 ya fremu kamili. Ile ya 100-200 inaona kama 79 hadi 158. Wanaohamia kutoka fremu kamili hukosea hapa: wanategemea 200 waliyoizoea, wanakuta mlima umekuwa mdogo kwenye fremu.

Uzito: zumu ina gramu 1,050 na filta ya milimita 67, ya 250 ina gramu 1,425 na filta ya milimita 82. Ukijumlisha kamera yenye gramu 900, tofauti si ya kutisha mkononi, lakini begani baada ya saa nne utaijua. Bei ya kuzinduliwa Marekani ilikuwa takriban dola 2,000 kwa zumu na 3,300 kwa ya 250. Stopu moja ya mwanga (yaani mwanga maradufu) unayoilipia, kwa tundu la lenzi kufunguka kutoka f/5.6 hadi f/4, mpiga mandhari haitumii, kwa sababu unafanya kazi kati ya f/8 na f/11. Ukivuka f/11 kwenye sensa yenye pikseli za mikroni 3.76, mwanga unaanza kutawanyika kwenye tundu na ukali wa picha unashuka. Ukifika f/16 unaliona jambo hilo hata kwenye chapa.

Sasa chukua mfano ambao wengi wetu tunaujua: Kilimanjaro ukiwa Amboseli nchini Kenya, eneo la Ol Tukai. Kibo, kilele kikuu, iko karibu kilomita 45. Uwanda uko kwenye mita 1,150 hivi na kilele kwenye mita 5,895, kwa hiyo mlima unasimama karibu nyuzi 6 juu ya upeo wa macho. Fremu ya 250 ikilazwa ina urefu wa nyuzi 7.5. Mlima mzima unaingia, pamoja na ukanda mwembamba wa nyasi chini na anga kidogo juu. Ni fremu nzuri sana. Lakini geuka uitafute Mawenzi, kilele cha pili: kutoka hapo, vilele viwili vimeachana karibu nyuzi 12, na upana wa 250 ni nyuzi 10 tu. Lazima mmoja uachwe. Kwa 200 upana ni nyuzi 12.5, vilele vinabanwa kwenye kingo. Kwa 150 unapata zaidi ya nyuzi 16 na vyote viwili vinapumua. Ndani ya hifadhi huwezi kusogea mita mia tano nyuma kwa miguu ili fremu ikae sawa. Gari liko barabarani na linabaki barabarani, kinachoweza kusogea ni zumu pekee.

Vipi kuhusu ule umbali unaokosekana kati ya 200 na 250? Washa hali ya fremu ya 35mm kwenye kamera, au kata baadaye kwenye kompyuta. Kipande cha milimita 36 kwa 24 ukiwa kwenye 200 kina upana wa pembe karibu sawa na fremu nzima ya 250, na kwenye sensa ya megapikseli 102 unabaki na karibu megapikseli 61. Hizo zinatosha chapa ya mita moja na nusu ukutani bila aibu. Kwenye miili ya kamera ya megapikseli 51 unabaki na 30 hivi. Hapo hoja yangu inalegea, na mwenye mwili huo ana sababu zaidi ya kuifikiria 250.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye majedwali ya lenzi. Kwa 250, pikseli moja ya sensa hii inabeba chini ya mita moja ya barafu ya Kibo kutoka kilomita 45. Hewa ya katikati haikupi usahihi huo ila kwa dakika chache baada ya mapambazuko. Jua likishapasha ule uwanda mkavu wa ziwa, kufikia saa 3 asubuhi hewa inacheza na kingo za miti zinayeyuka kama mazigazi. Hakuna lenzi inayotibu hilo, na kufunga apecha (tundu la lenzi) hakusaidii. Ukikuza picha ukaona kingo zinapinda vipande vipande, mahali pamoja pakali na jirani yake pamelegea, hiyo ni hewa, usimlaumu mwenye duka. Dawa ni saa: uwe umejipanga kabla ya saa 12 na nusu, piga fremu kumi mfululizo, kisha uchague ile moja iliyoshikana. Siku baada ya mvua ni bora kuliko miezi ya vumbi ya Julai na Agosti, hata kama mawingu yanakupa wasiwasi.

Filta ya polaraiza, inayokata mng'ao na kukoleza anga, inafaa sana kwa upande huu wa mlima, na sababu ni ya kijiometri. Unatazama kusini, jua linatoka mashariki, kushoto kwako. Uko karibu na nyuzi 90 kutoka kwenye jua, mahali ambapo polaraiza hufanya kazi kwa nguvu zaidi. Na kwa kuwa pembe ya lenzi ni nyembamba, anga linakolea sawasawa, halitoki na lile doa jeusi upande mmoja kama kwenye lenzi pana. Inapunguza utusitusi wa hewa yenyewe, lakini vumbi na moshi wa mashamba haviondoki. Gharama yake ni stopu moja na nusu hivi. Jua likiwa bado chini, kwa ISO 100 na f/11 utakuwa karibu 1/30. Ukiweka polaraiza unashuka hadi karibu 1/10, na nyasi zitakuwa zimepepea. Panda ISO 400 bila woga. Chembechembe za sensa hii kwenye 400 hazionekani kwenye chapa, nyasi zilizotikisika zinaonekana.

Mtikisiko ndio unaoharibu picha nyingi za lenzi za mbali, na hapa zumu ina kasoro ya mauzo: kola ya tripodi, pete ya kufungia lenzi yenyewe kwenye tripodi, inauzwa kando. Ya 250 inakuja nayo. Inunue hiyo kola siku ile ile. Ukifunga mwili wa kamera kwenye tripodi na kuiacha lenzi ya kilo moja ikining'inia mbele, uzito wote unavuta bamba, na unapogeuza fremu kusimama kichwa cha tripodi kinazama milimita chache baada ya kukaza. Kwa kola unaizungusha lenzi tu na mlima unabaki katikati. Nguzo ya kati ya tripodi usiipandishe. Begi ukilitundika, ligusane na ardhi, la sivyo upepo unaligeuza pendulumu. Zima kitulizaji cha lenzi (kinachopunguza mtikisiko) ukiwa kwenye tripodi imara, tumia pazia la kwanza la kielektroniki (shata inayoanza bila kutikisa kamera) pamoja na kuchelewesha kwa sekunde 2. Shata ya kielektroniki kamili naikwepa panapokuwa na upepo, maana sensa inasomwa polepole na matawi yanapinda.

Ukipigia ndani ya gari, sahau tripodi. Mfuko wa kitambaa kizito wenye kilo mbili za mchele au maharage juu ya dirisha au paa, lenzi imelazwa hadi karibu na pete ya zumu, injini imezimwa, na dereva na abiria wametulia. Hapo kitulizaji kiwashwe, na shata isishuke chini ya 1/125. Katika vumbi lile faida nyingine ya zumu inajitokeza: hufungui kamera kubadilisha lenzi. Sensa kubwa hivyo ikishapata vumbi, madoa kwenye anga tupu kwa f/11 utayafuta mpaka uchoke.

Fokasi. Usiamini kuizungusha pete hadi mwisho, kwa sababu lenzi hizi huendeshwa na mota na zinapita upeo wa mbali. Kuza picha kwenye skrini, tafuta ukingo wa barafu dhidi ya anga, rekebisha kwa mkono, kisha usiiguse pete. Ukibadilisha zumu, hata kidogo, fokasi upya. Na usidhani f/11 itakusaidia kuushika mti wa mbele pamoja na mlima. Kwa ukali wa kiwango cha pikseli, ukifokasi mlimani kwa 200 na f/11, kila kilicho karibu kuliko mita 480 hivi kimelegea. Mgunga ulio mita 130 unahitaji fremu mbili: moja iliyofokasiwa karibu mita 160, nyingine mita 480, kisha uziunganishe. Kwa 250, mti ule ule unadai fremu tatu, na katika upepo kila fremu ya ziada ni matawi yaliyohama. Hili peke yake limenifanya mara nyingi nibaki kwenye 200 na kukata.

Kuhusu kirefushi cha 1.4x, kipande kinachowekwa kati ya kamera na lenzi: kinafanya kazi na zote mbili. Zumu inakuwa 140-280 f/8, na ya 250 inakuwa 350 f/5.6. Kwenye 350 fremu iliyolazwa ina urefu wa nyuzi 5.4, kwa hiyo Kibo haiingii nzima. Unapiga kilele na barafu peke yake, au unaisimamisha kamera. Kwa kazi hiyo ya vipande vya mlima, kuna GF 500mm f/5.6 ya mwaka 2024, gramu 1,375 na filta ya 95, nyepesi kushinda ya 250. Ni lenzi ya pili, isiwe ya kwanza.

Lenzi za zamani za Pentax 645 na Pentax 67 zinakaa kwenye GFX kwa adapta na bei yake ni ndogo. Kumbuka kuruhusu kamera kupiga bila lenzi kwenye menyu na kuingiza urefu wa fokasi ili kitulizaji cha mwili kisikosee. Tatizo lake ni mstari wa zambarau kwenye ukingo wa barafu, unaofutika kwenye programu lakini hula maelezo madogo.

Kabla ya kulipa, jaribu lenzi asubuhi mapema. Chagua mnara au mti ulio zaidi ya kilomita moja, f/5.6, kamera kwenye tripodi, uweke kitu hicho hicho katika kila pembe nne na ufokasi upya kila mara. Pembe moja ikiwa imelegea na tatu kali, kioo hakijakaa sawa, irudishe. Kwa iliyotumika, mulika tochi kutoka nyuma, apecha ikiwa wazi, utafute nyuzi za kuvu, hasa kama imeishi Mombasa, Tanga au Dar. Vumbi kidogo ndani halina neno. Kuvu ikiwepo hata kidogo, iache.