Canon 6D iliyotumika, lensi zisizoingia, na muuzaji aliyenidharau

Kama unapiga picha za harusi hapa Uganda na una pesa ya kitu kimoja tu, nunua lensi. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lensi, achana nayo. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana pesa yangu imekwenda, na aliyeichukua bado anauza kamera katikati ya Kampala, anacheka na wateja.

Mimi napiga nikaha, kwanjula (sherehe ya Waganda ya kutambulisha wachumba) na sherehe za shule, zaidi upande wa Bombo na Wobulenzi. Nilikuwa na Canon 700D na lensi mbili za kuvuta, 18-55 na 55-250. Mchana sina neno nazo. Taabu ni usiku ukumbini, pale DJ anapozima taa nyeupe na kuwasha zile za zambarau, bibi harusi ndiyo anaingia. Nikivuta lensi hadi mwisho, tundu lake linabana hadi f/5.6; namba hiyo ikipanda, mwanga unaoingia unapungua. Napandisha ISO, ile ya kuifanya kamera ione gizani, hadi 6400, picha inajaa chenga kama imemwagiwa mchanga. Na sisi ngozi zetu ni nyeusi. Mwanga ukipungua, uso ndio unaotangulia kupotea. Gurbaba ya bibi harusi, lile vazi la Kinubi, inaonekana maua yote, mwenyewe haonekani. Mama mmoja wa Kinubi alifungua albamu ya binti yake mbele yangu, akaifunga, hakusema kitu. Ningependa angenigombeza.

Kila niliyemuuliza aliniambia hivyo hivyo: nenda fulfremu, yaani bodi yenye sensa kubwa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, mambo yataisha. Nikaweka akiba, nikapanda taksi hadi mjini.

Duka silitaji jina. Nilimkuta kaka mmoja kaunta, akanisikia nikiongea na mama kwenye simu, naye akanijibu kwa Kiswahili, nikafurahi kabisa. Akanitolea 6D iliyotumika, ambayo ni fulfremu ya Canon, safi, mpira wake bado umeshika. Nikamtajia lensi zangu moja moja, nikamuuliza kama zitaingia. Akasema, "Nnyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "Canon ni Canon." Nikaitoa 18-55 kwenye begi, nikaiweka juu ya kaunta, nikaomba niifunge pale pale mbele yake. Akainyakua bodi, akairudisha kwenye boksi. Eti nikiifungua, vumbi la barabarani litaingia kwenye sensa, na nisiponunua nani atalipa kuisafisha? Wakati huo huo, pembeni yangu, kijana mmoja alifunguliwa bodi nyingine, akafunga lensi, akapiga picha za dari, akazikuza kwenye skrini, akachukua muda wake wote. Vumbi la kijana yule halikuwa vumbi?

Nikalipa kwa sababu nilikuwa na harusi mbele yangu na mtu wa dukani amenijibu nilichomuuliza. Nyumbani, lensi haikuingia. Ya pili nayo haikuingia.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Lensi hizi zinaitwa EF-S, Canon ilianza kuzitoa mwaka 2003 kwa ajili ya bodi zenye sensa ndogo. Kitako chake kinazama ndani zaidi, na kwenye fulfremu kioo cha ndani ni kikubwa, vingegongana. Ndiyo maana bodi inazikataa. Na alama iko wazi: EF-S ina mraba mweupe, EF ya kawaida ina nukta nyekundu. Mdomo wa 700D una alama zote mbili. Mdomo wa 6D una nukta nyekundu peke yake. Anayeuza Canon kila siku analijua hilo hata ukimwamsha usingizini. Mraba mweupe ulikuwa juu ya kaunta yake, anautazama kwa macho yake mawili, na bado akaniambia Canon ni Canon.

Nikarudi. Nikaongea kwa adabu, nikamwambia anirudishie pesa, au anibadilishie kwa bodi inayokubali lensi zangu. Akageuza risiti, akanionyesha kwa kidole: mali ikiuzwa hairudishwi. Halafu, mbele ya wateja, akasema, "Anayekufundisha kazi ni nani? Mlete huyo kaka, nitamwelezea yeye. Wewe hutaelewa."

Maneno hayo sijayameza hadi leo. Kazi hii inalipa karo ya wadogo zangu. Hakuna kaka aliyenishika mkono. Nimejifunza mwenyewe, usiku, kwa bando la simu. Na hata kama ningekuwa nimeianza jana, nilimuuliza swali, lensi ikiwa mezani.

Siku ya harusi nikaenda na 700D ile ile, bodi mpya nimeiacha kabatini. Kaka mmoja wa Luweero, mpiga picha wa siku nyingi, Mungu ambariki, aliniazima lensi yake ya 50mm f/1.8. Ile ndogo nyepesi, isiyovuta wala kurudisha. Bei yake haifiki hata nusu ya niliyotoa kwa bodi. Taa za zambarau zikawaka kama kawaida, nikafungua hadi f/1.8. Mwanga unaopita hapo ni karibu mara 10 ya ule wa f/5.6, kwa hiyo pale nilipozoea ISO 6400 nikashuka hadi 640. Nilimpiga picha nyanya ya bwana harusi akipiga vigelegele, na macho yake yanaonekana, na mikunjo ya uso, na rangi ya ngozi yake hasa. Nilitaka kulia pale pale. Bodi ya zamani, lensi ya kuazima.

Kwa hiyo lensi. Nilikuwa nimeamua hivyo, na ningeishia hapa.

Lakini haki lazima isemwe. Kwenye 700D ile 50mm inakuwa nyembamba, inaona kama 80mm, kwa sababu ya sensa ndogo. Uwanjani sawa. Sebuleni, bibi harusi amekaa na shangazi zake na mlango uko nyuma ya mgongo wako, huna pa kurudi. Nilipopata 50mm yangu, nikaifunga kwenye 6D, sebule yote ikarudi. Na kwenye giza ile nukta ya fokasi ya katikati ya 6D, inayoiwezesha kamera kunoa picha, inakamata mahali ambapo 700D ilikuwa inatafuta tu, mbele nyuma, mbele nyuma, tukio limeshapita. Nukta za pembeni giza likiingia sizitegemei; ninakamata kwa ya katikati, ndipo napanga picha. Ila ile ya katikati, wallahi, ni nzuri. Inaniuma kuisifia, maana kila nikiishika namkumbuka yule mtu. Bodi haina kosa. Bodi ni nzuri sana.

Basi niwaambieni mnunue bodi? Hapana. Picha za ukoo mzima mbele ya msikiti bado zinanitesa: 18-55, ndiyo lensi yangu pana pekee, haiingii, na nyingine pana ya fulfremu sijaimudu. Siku hizo nabeba bodi zote mbili shingoni. Gharama ya fulfremu ni bodi pamoja na kila lensi utakayolazimika kuinunua upya, na hiyo hesabu hakuna muuzaji anayekupigia. Kama leo una bodi ndogo, tafuta EF yenye nukta nyekundu, hata iwe ile 50mm tu. Itafanya kazi sasa, na ukibadili bodi utahama nayo. Ikiwa ni ya kutumika, mulika ndani kwa tochi ya simu utafute nyuzi za ukungu, hasa ikiwa imekaa karibu na ziwa. Na beba lensi zako dukani. Akikukatalia kuzifunga, toka, hata kama amekuita dada.

Juzi juzi yule yule amenitumia ujumbe wa WhatsApp, nadhani anawatumia wateja wote. Ana bodi za Canon R, zile zisizo na kioo, na ameandika kwamba lensi zako zote za zamani zinaingia. Zinaingia, ndiyo, hata EF-S, lakini kwa adapta, kile kipete cha kuunganisha lensi na bodi. Nikamuuliza kama adapta imo kwenye bei. Ameusoma ujumbe, hajajibu.