Mitihani ya zamani ya F=ma: inamfaa mwanafunzi wa PCM wa Mtwara na Lindi?

Kwa mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) wa kidato cha tano au cha sita anayejiandaa na mchujo wa mashindano ya fizikia, sijaona zana ya bure inayoifikia mitihani ya zamani ya F=ma. Ina kasoro, na mbili kati yake zinaweza kumpotosha kijana aliyezoea maswali ya NECTA, lakini hata pamoja na hizo inastahili gharama ya kuprinti.

Mtihani huu huandaliwa na AAPT, chama cha walimu wa fizikia cha Marekani, kuchuja vijana wa huko. Takriban 400 wanaoongoza huitwa hatua ya pili, USAPhO, na mwisho wa mchujo hupatikana wanafunzi watano wa kwenda Olimpiadi ya Kimataifa ya Fizikia, mashindano yaliyoanzia Warsaw mwaka 1967. Kijana wa Ndanda au wa Lindi mjini hatafuti nafasi katika timu hiyo. Anachokitafuta ni karatasi zenyewe, ambazo hupakuliwa bila malipo, zikiwa za miaka mingi, na kwa miaka kama 2018 na 2019 kuna matoleo mawili, A na B.

Maswali ni 25, muda dakika 75, kila swali lina machaguo matano. Mada ni umakanika peke yake: mwendo, kani, nishati, momenta, mzunguko wa vitu vigumu, uvutano, mitetemo na vimiminika kidogo. Umeme, joto na mwanga havimo. Aljebra na trigonometria zinatosha, huhitaji kalkulasi. Kwa hiyo wakati mzuri wa kuanza ni pale darasa linapomaliza umakanika, si wiki mbili kabla ya mchujo.

Ubora wake mkubwa uko kwenye majibu yasiyo sahihi. Watunzi hawakuyaokota tu. Kila moja ni mahali ambapo mwanafunzi wa kweli huangukia. Chukua swali la aina hii: risasi ya gramu 10 inayokwenda mita 300 kwa sekunde inaingia na kunasa kwenye gogo la kilo 1.99 linaloning'inia kwa kamba. Gogo litapanda juu kiasi gani? Anayekimbilia kanuni ya nishati tangu mwanzo anapata jouli 450, anagawa kwa 20 (kilo 2 mara 10 ya g, mchapuko wa uvutano), anaandika mita 22.5. Anayejua kwamba mgongano wa kunasana hauhifadhi nishati ya mwendo ataanza na momenta: 0.01 mara 300 gawa kwa 2, kasi 1.5, halafu ndipo aje kwenye nishati, na jibu ni sentimita 11 na kitu. Mita 22 dhidi ya sentimita 11! Katika swali la kujieleza mwalimu angempa huyo wa kwanza alama mbili za njia. Hapa 22.5 ingekuwa imekaa kwenye herufi C ikimsubiri, angeizungushia duara na kuendelea kwa furaha. Daftari la makosa linalojengwa na maswali ya namna hii lina faida kuliko tuisheni nyingi za kukariri kanuni.

Jambo la pili linalofundishwa vizuri ni kupima jibu kabla ya kulitafuta. Tuseme tungamo m₁ iko juu ya meza laini, imefungwa kamba inayopita kwenye kapi hadi m₂ inayoning'inia. Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, jiulize: m₂ ikiwa sifuri, mchapuko uwe sifuri, m₂ ikiwa kubwa mno, mchapuko ukaribie g. Machaguo matatu kati ya matano mara nyingi huanguka hapo hapo. Shuleni hatuwazoezeshi vijana kufanya hivi kwa sababu swali la kujieleza halilipi. Kwenye mchujo wa dakika tatu kwa swali linalipa sana.

Mzunguko ndiko wengi wa kwetu wanakovuja alama. Gololi, sarafu na bangili vikibingirika kwenye mteremko mmoja bila kuteleza, nani atafika kwanza? Jibu la haraka ni "kizito zaidi". Si kweli: tungamo na kipenyo vyote vinakatika, kinachobaki ni umbo. Gololi ina mchapuko wa 5/7 ya g sin θ, sarafu 2/3, bangili 1/2. Ubao mmoja na vitu hivyo vitatu vinamaliza ubishi ndani ya dakika tano, na ningemshauri mwalimu afanye hivyo kabla ya kugusa maswali yenyewe.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni makosa ya vipimo. Maswali ya aina hii yamo kwenye karatasi za miaka ya karibuni, na njia yao si ile iliyozoeleka kwenye vitendo vya kidato cha sita. Ukitafuta g kwa pendulamu, ukiwa na kosa la asilimia 1 kwenye urefu na asilimia 1 kwenye muda, darasani kwetu hujumlishwa moja kwa moja: 1 ya urefu na 2 ya muda, kwa kuwa muda umepigwa mraba kwenye kanuni, jumla asilimia 3. Kwenye F=ma makosa yasiyotegemeana hujumlishwa kwa miraba: kipeuo cha jumla ya 1 na 4, yaani asilimia 2.2. Majibu yote mawili yanaweza kuwa kwenye orodha. Mwanafunzi ajue njia zote mbili na ajue kila moja inatumika mlango upi, vinginevyo zoezi hili litamharibia mtihani wa taifa au la taifa limharibie hili.

Mada hiyo haishiki bila mikono. Mshipi wa kuvulia wa mita 1 na chubwi moja, vitu ambavyo havikosekani karibu na feri iwe Mtwara au Lindi, vinatosha. Pima mshipi kutoka kwenye msumari hadi katikati ya chubwi, si hadi kwenye fundo. Mbembeo mmoja huchukua sekunde 2 hivi, na kidole kwenye saa ya simu hukosea kama sekunde 0.2, ambayo ni asilimia 10 nzima. Hesabu mibembeo 20: muda ni sekunde 40, kosa ni lile lile 0.2, sasa ni asilimia nusu tu. Pembe isizidi digrii 10, na uanze kuhesabu kwa "sifuri", maana anayeanza na "moja" huishia na mibembeo 19 na g yake inatoka karibu 10.9.

Kasoro ya pili ni ndogo lakini inaudhi. Karatasi zinataka g iwe 10, wakati mkono wa mwanafunzi wetu umezoea 9.8. Anayeendelea na 9.8 hupoteza muda kwenye kikokotoo na kupata namba isiyofanana na chaguo lolote, kisha anaanza kujitilia shaka. Aiandike 10 kwa herufi kubwa juu ya karatasi kabla saa haijaanza.

Mandhari ya maswali ni ya Marekani, mathalani kisahani cha mpira wa magongo kinachoteleza juu ya barafu. Tafsiri yake ni moja tu: hakuna msuguano. Kwa kikundi cha kujisomea ningebadilisha kabisa. Boti inavuka kwenda Msangamkuu kwa mita 4 kwa sekunde, tuseme mkondo una mita 600 kwa upana na maji yanavuta kwa mita 3 kwa sekunde. Ukielekeza omo moja kwa moja ng'ambo unavuka kwa sekunde 150, ila unatua mita 450 pembeni. Ukitaka kutua mkabala kabisa, kasi ya kuvuka inabaki kipeuo cha 7, na safari ni sekunde kama 227. Kitu kile kile kwenye karatasi yao kina ndege na upepo.

Kuhusu kubahatisha, soma jalada la kila karatasi. Baadhi ya zile za zamani zinakata robo alama kwa jibu baya. Za baadaye hazikati. Palipo na robo, kubahatisha kipofu kwenye machaguo matano kunaleta sifuri kwa wastani, lakini ukishafuta mawili, faida inakuwa sehemu moja ya sita ya alama kwa swali, basi jaza. Pasipokatwa, kuacha wazi ni kutupa alama.

Namna ya kuzitumia: karatasi tatu za zamani zaidi zifanywe bila saa, mada kwa mada. Zinazofuata ziwe na dakika 75 kamili, simu ikiwa haina mtandao. Mzunguko wa kwanza uchukue dakika 40, ukijibu tu yale yanayofunguka ndani ya dakika mbili. Yaliyobaki yapewe dakika 30. Tano za mwisho ni za kujaza. Usifuate namba za maswali, kwa sababu swali la 19 linaweza kuwa jepesi kuliko la 8. Karatasi moja kwa wiki inatosha. Siku inayofuata ni ya kurudia kila kosa bila kutazama jibu, na hapo ndipo mtu anapokua. Kwa miaka mingi ya zamani utapata herufi ya jibu tu bila maelezo, kwa hiyo kikundi cha watu watatu au wanne ni lazima, wapinzane mpaka waafikiane.

Usitegemee karatasi hizi peke yake kama mchujo wenu una umeme au vitendo. Kwenye Olimpiadi yenyewe vitendo vina alama 20 kati ya 50.

Kuhusu steshenari: mafaili yametengenezwa kwa karatasi ya Kimarekani, upana milimita 216 kwa urefu 279, wakati A4 ni 210 kwa 297. Mwambie anayeprinti achague kutosheleza ukurasa, la sivyo ukingo wa kulia utakatwa. Akatae pia kubana kurasa mbili kwenye uso mmoja: vipeo vinakuwa vidogo, v² inasomeka kama v. Wino ukiwa umefifia, mistari myembamba ya michoro ya kamba na kapi hupotea, hivyo kagua mchoro mmoja kabla ya kuruhusu kopi za darasa zima. Majibu yaprintiwe siku nyingine, yakae kwa mwalimu.