Miaka mitatu katika kampuni ya teknolojia ya malipo jijini Dar es Salaam: uzoefu wangu

Nilifanya kazi ya uhandisi wa programu kwa miaka mitatu na miezi miwili katika kampuni ya Dar es Salaam inayowaunganisha wafanyabiashara na benki na huduma za fedha kwa simu, kama vile M-Pesa na Airtel Money. Jina lake sitalitaja. Ninaandika kwa ajili ya wale wanaofikiria kuomba kazi katika kampuni za aina hiyo, hasa vijana wanaotoka chuoni, ambao huvutiwa na viti vya kuzunguka na intaneti ya kasi. Ningeipa nyota tatu kati ya tano, na kwa sehemu kubwa nyota mbili zilizopungua zinatokana na jambo moja: katika ofisi ile habari mbaya haikupanda ngazi.

Yako mambo yanayostahili sifa. Mshahara haukuwahi kuvuka tarehe 27. Michango ya NSSF, ambayo kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara, ilifika kweli kwenye mfuko; nilikuwa na desturi ya kuangalia taarifa yangu kila baada ya miezi michache, kwa kuwa katika ajira yangu ya kwanza nilikatwa fedha mwaka mzima na hazikufikishwa popote. Bima ya afya ilimhusu mwenza na watoto. Chakula cha mchana kilikuwa wali kwa maharage siku nne za juma, na Ijumaa pilau, ambalo sina neno nalo.

Siku ya kwanza afisa rasilimali watu alitueleza kwamba pale hapakuwa na bosi, kwamba sote tungeitana kwa jina la kwanza, na kwamba mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi saa zote. Mlango ulikuwa wazi kweli. Lakini asubuhi ya pili nilimwona meneja wa idara yetu akimwita mkurugenzi kwa jina lake, bila cheo, kisha palepale akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kusita. Mimi nimelelewa Tanga na sioni aibu yoyote katika shikamoo. Ninachosema ni kwamba ngazi ilikuwepo, na kwa sababu ilikuwa imetangazwa kuwa haipo, hapakuwa na utaratibu wowote wa kumpinga aliye juu yako kwa heshima. Kila Jumatatu tulikuwa na kikao, nacho kilifanyika kwa Kiingereza ingawa watu wote chumbani isipokuwa mmoja walikuwa Waswahili. Watu waliokuwa wakichambua tatizo barabara wakiwa kwenye ngazi za jengo, ndani ya kikao walijibu kwa maneno matatu.

Nitatoa mfano mmoja niliouona kwa macho yangu. Baadhi ya wateja wetu walitumia mfumo wetu kuwalipa vibarua wao mwisho wa mwezi. Mtandao wa simu ukichelewa kujibu, mfumo ulilituma ombi lilelile mara ya pili, na kwa kuwa ombi la pili lilipewa namba mpya ya kumbukumbu, upande wa pili haukuwa na njia ya kutambua kwamba ni muamala uleule. Binti mmoja aliyekuwa na miezi mitano kazini aliligundua hilo na kulitaja kikaoni. Meneja alimshukuru, akasema, kwa Kiswahili safari hii, “Tutalifanyia kazi.” Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi za Tanzania anajua kwamba sentensi hiyo huweza kuwa jeneza. Binti hakurudia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita ulinzi wake dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, na yeye hesabu hiyo aliijua vizuri kuliko sisi.

Wiki mbili baadaye, saa moja jioni siku ya malipo, majibu ya mtandao yalianza kuchelewa. Vibarua wengi walilipwa mara mbili, na kabla hatujasimamisha mfumo sehemu ya fedha ilikuwa tayari imetolewa kwa mawakala. Tulikesha hadi alfajiri tukilinganisha orodha mbili, mstari kwa mstari, huku dada wa huduma kwa wateja akiwapigia waliolipwa zaidi na kuwaomba kwa upole warudishe. Wengine walirudisha, wengine walizima simu.

Kampuni ilikuwa na utaratibu mzuri wa kuandika tathmini baada ya kila hitilafu, bila kumtaja wala kumlaumu mtu, na kwa makosa ya kawaida utaratibu huo ulinifundisha mengi. Safari hii taarifa iliandikwa kwa Kiingereza safi kilichosema, kwa namna moja au nyingine, kwamba mambo yalitokea. Haikueleza kwamba onyo lilikuwa limetolewa. Nilipendekeza mstari mmoja uongezwe juu ya onyo hilo, pasipo jina, nikaambiwa kwamba tusianze kunyoosheana vidole. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutolaumu kulimlinda zaidi aliyepuuza kuliko aliyesema. Kasoro yenyewe ilirekebishwa kwa siku moja na nusu.

Kuhusu saa za kazi, sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu. Masharti hayo hayamhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Katika mwaka wangu wa pili wahandisi sita tulipandishwa cheo kwa mpigo tukawa “viongozi wa timu”. Timu yangu ilikuwa mimi na kijana mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Tangu mwezi huo zamu za usiku hazikulipiwa. Anayepewa cheo asome kwanza maelezo ya kazi, aone anamsimamia nani na anaripoti kwa nani, kabla ya kuagiza keki.

Likizo ilikuwa siku 28 kama sheria inavyotaka, na niliipata yote, ingawa simu ilikuja nayo. Kwa haki niseme kwamba meneja wa idara ya jirani hakuwahi kumpigia mtu aliye likizoni, na watu wake walikaa kazini muda mrefu kuliko sisi.

Niliondoka kwa notisi ya siku 28. Stahiki zangu zote zililipwa, zikiwemo siku za likizo zilizobaki, na cheti cha utumishi nilikabidhiwa siku ya mwisho pamoja na kadi iliyosainiwa na wote. Nilirudisha kompyuta, kitambulisho na ufunguo wa kabati. Namba yangu ya simu, hata hivyo, ilisahaulika kwenye mfumo wa tahadhari, ule unaompigia mhandisi simu hitilafu inapotokea, na usiku wa Jumapili iliyofuata iliita saa nane. Nilimpigia kijana aliyekuwa zamu, ambaye hakuwa amesikia, nikamweleza foleni ya maombi ya malipo iliyokwama na jinsi ya kuifungua, kisha nikamwomba afute namba yangu. Alisema atalifanyia kazi. Ilinichukua barua pepe mbili nyingine.