Makala ndefu au ujumbe mfupi: kasi yangu imepotelea wapi?

Zamani nilikuwa naandika makala ya kurasa mbili kila wiki. Siku hizi miezi mitatu inapita kimya. Sijaacha kuandika, nimehamia kwenye jumbe fupi, na maneno yangu yanaishia huko.

Ujumbe mfupi una raha yake. Twitter iliruhusu herufi 140 tu hadi 2017, ilipoongeza zikawa 280. Wazo linatoka likiwa bado la moto, na baada ya dakika mbili mtu ameshajibu. Ila likishatoka, kiu imekatika. Nikikaa jioni kuliendeleza, naona nimeshalisema.

Makala ndefu inadai muda. Juzi nilifungua rasimu ya mwaka jana: aya moja, kisha neno "lakini", basi. Lile "lakini" lilinichoma, maana hapo ndipo fikra ilipotakiwa kuanza. Kwenye ujumbe mfupi ningekatia kabla ya hapo, wala nisingejua kuna kitu nimekiacha. Tena makala ya miaka sita iliyopita naipata leo nikiitafuta. Ujumbe wa mwezi uliopita sijui uko wapi.

Kwa salamu na habari, ufupi unatosha. Kwa jambo linaloniuma nachagua urefu, hata ikiwa mara nne kwa mwaka. Ile rasimu nimeshaiongezea aya ya pili.