Little Steeping, kijiji cha Askofu Steere: uzoefu wangu

Ukizaliwa Mkunazini, Unguja, jina la Askofu Steere unalisikia kabla hujajua kusoma. Ndiye aliyejenga Kanisa Kuu la Anglikana palipokuwa na soko la watumwa, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya 1873, na mwenyewe kazikwa mle mle, nyuma ya madhabahu. Nilichokuwa sikijui, pamoja na kuishi Uingereza miaka kumi na moja, ni kwamba kabla ya Unguja alikuwa kasisi wa kijiji kidogo huko Lincolnshire, Little Steeping. Mama alipokuja kunitembelea Leicester mwezi wa tano, nikamwambia, "Mama, twende tukapaone alikotoka."

Napapa nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya usafiri. Treni haisimami tena pale, stesheni ilifungwa zamani, kwa hiyo tulishuka Skegness tukapanda teksi. Kwenda hakukuwa na neno. Lakini dereva tuliyeagana naye aturudie saa nane hakutokea, na simu hapokei. Tulisimama zaidi ya saa nzima kwenye manyunyu, na mama ana miaka sabini na mbili. Mkiwa na mzee, tafadhalini nendeni na gari lenu, na mbebe chai kwenye chupa.

Kijiji chenyewe ni nyumba chache kwenye nchi tambarare, mashamba mpaka macho yanachoka, na upepo. Kanisa ni la Mtakatifu Andrea, la karne ya 14, la jiwe la kienyeji lenye ukijani uliofifia. Nilipitisha kidole ukutani kikarudi na mchanga, kama kuta zetu za Mji Mkongwe zinavyodondosha chokaa masika yakiingia. Lilikarabatiwa 1912 kwa kumbukumbu ya Steere. Ndani amelala padri wa kale wa jiwe, Thomas de Reding. Zamani sanamu hiyo ililazwa kifudifudi ikafanywa ngazi, watu wakawa wanaikanyaga bila kujua. Mama aliinama akaifuta uso kwa ncha ya kanga. "Maskini, baba wa watu," akasema.

Kilichonishika zaidi ni hiki. Steere aliondoka 1863 kuja Afrika na misheni, kumsindikiza rafiki yake, Askofu Tozer, aliyekuwa kasisi wa Burgh le Marsh, jirani tu na hapo. Walianzia upande wa Zambezi, na 1864 wakahamia Unguja. Mwaka 1868 alirudi Uingereza, bado ni kasisi wa Little Steeping, na 1870 vikatoka vitabu vyake viwili: cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na cha hadithi zetu. Kwa maneno mengine, Sultani Darai na paa wake walipata kuchapwa mikononi mwa kasisi wa hiki kijiji cha mashamba! Hadithi ile alisimuliwa na kijana wa Kiswahili, Hamisi wa Kayi, na Steere mwenyewe alimtaja na kumsifu. Mimi ningefurahi sana jina la Hamisi lisomwe na kila anayeingia mlango ule, maana bila yeye na wenzake kasisi asingekuwa na la kuandika. Mwaka 1872 Steere akarejea Unguja, na 1882 akafia huko.

Kabla hatujatoka, mama alipiga magoti akasali Baba Yetu kwa sauti, kwa Kiswahili. Bibi mmoja aliyekuwa akipanga maua aliacha kazi, akatulia hadi "Amina", kisha akaniuliza hiyo ni lugha gani. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha kuombea maji, akawahi kuelewa swali kabla sijajibu.

"Mwambie, mwanangu, ndiyo ile kasisi wao aliyokuja kujifunza kwetu."