KoboCollect kwa risachi ya afya: mie naipa nyota nne

Mlioko mwaka wa mwisho mnafanya risachi za mambo ya afya, achaneni na makaratasi jamani, tumieni KoboCollect, app ya kujazia dodoso kwenye simu. Mada yangu ilikuwa kichocho huku Pemba, watu wanakichukuliaje na kama watoto wanameza dawa ya prazikwanteli ikigaiwa skuli, basi dodoso zima nikaliweka kwenye simu, app yenyewe ya bure na haitaki bando ukiwa njiani, unajaza huko huko karibu na mabonde ya mpunga netiweki hamna, ukirudi mjini Chake Chake unatuma zote kwa mpigo.

Nilichokipenda zaidi ni vile inavyoruka maswali. Mzazi akisema mwanawe hakumeza, inakupeleka moja kwa moja kwenye kwa nini, na hapo ndo utasikia maneno, wengine wanaogopa kichefuchefu (kweli huwepo, ndo maana watoto huambiwa wale kwanza), wengine wanaona mtoto wa kiume kukojoa damu ni kawaida tu, wallahi nilichoka.

Ila wazee wakikuona umeinamia simu wanadhani unachati. Bibi mmoja kaniuliza, "mwanangu, unanisikiliza au uko wasapu?" ikabidi nimuoneshe maswali, so elezeni kabla hamjaanza.

Ni ya Android tu, wa aifoni mtajazia kwenye brauza. Na ruhusa ya maadili pamoja na kubisha hodi kwa sheha (kiongozi wa mtaa huku kwetu) bado ni kazi yenu, hiyo app haikufanyii. Pawabenki muhimu.