Uzoefu wangu: shule ya Montessori hapa Moshi, nzuri lakini ijueni kwanza

Binti yetu alipokaribia miaka minne nilianza kuzunguka shule za awali hapa Moshi, na kila nilikofika niliomba kitu kimoja: nikae nyuma ya darasa kipindi kikiendelea. Ada ningeuliza baadaye. Shule moja ya mchepuo wa Kiingereza, yenye majengo mazuri kuliko zote, ilikataa ikanipa kipeperushi. Haya, asante.

Nyingine ya mchepuo huohuo ilinikaribisha. Watoto walisoma maneno ya ubaoni kwa pamoja, sauti juu, safi kabisa. Kisha mwalimu akafuta, akaandika maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine. Darasa likanywea. Walikuwa wamekariri mahali neno lilipokaa.

Shule ya serikali ya mtaani ilinishangaza. Mwalimu wa darasa la kwanza alifundisha kujumlisha kwa vizibo vya soda, na kila mtoto alishika vyake. Ndiyo KKK tunayoisikia, kusoma, kuandika na kuhesabu, ambayo tangu 2015 ndiyo uzito wa darasa la kwanza na la pili. Shida ni wingi. Mama wa watu hawezi kumfikia kila mtoto, na hilo si kosa lake.

Tukachagua shule ndogo ya Montessori. Mbinu hii ilianzishwa na daktari wa Kiitaliano, Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza, aliyoiita Nyumba ya Watoto, huko Roma mwaka 1907. Wa miaka mitatu hadi sita wanakaa chumba kimoja, na wadogo wanajifunza mengi kwa kuwatazama wakubwa. Kilichonivuta ni herufi za msasa: mtoto anapitisha vidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Kwa Kiswahili mbinu hii inalipa haraka, maana tunaandika karibu kama tunavyotamka. Akishazijua sauti, ma-me-mi-mo-mu inakuja yenyewe. Binti yangu alianza kunisomea vibao vya maduka tukiwa ndani ya daladala, na abiria wote wakasikia. Hesabu nazo ni za kushika: ushanga mmoja, kijiti cha shanga kumi, bapa la shanga mia, mchemraba wa shanga elfu. Elfu anaibeba kwa mikono miwili, anajua ni nzito.

Sasa kasoro. Madaftari hayaji nyumbani, na mama mkwe hakuipenda hali hiyo hata kidogo. "Mwanangu, huyu anasoma au anacheza?" Hadi leo hajaridhika. Pili, mtoto anachagua kazi yake, na wangu akishapenda shanga haoni kingine. Ilibidi nimwombe mwalimu amsukume kwenye kuandika. Akaniambia tusubiri. Tulisubiri kuliko nilivyopenda. Tatu, shule inaishia awali. Tulipompeleka kwenye usaili wa darasa la kwanza kwingine, alisoma vizuri ila mwandiko kwenye mistari ulikuwa wa kujikongoja, kwa hiyo tunamfanyisha mazoezi jioni.

Mdogo wake nitampeleka hapohapo. Mtoto wa dada yangu, ambaye bila kuelekezwa hatulii hata dakika mbili, nisingempeleka.

Ada inalipwa kwa awamu, uji wa saa nne umo ndani yake, chakula cha mchana hakuna. Basi la shule pia hakuna. Sisi tuna bajaji ya mtaani tunayolipa kwa mwezi.